Juan Sebastián Verón: fundi aliyekuta kazi yake ina wenyewe

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni shabiki wa Manchester United, niko Morogoro. Kijiweni kwetu ubishi juu ya Juan Sebastián Verón hauishi. Wakubwa waliomwona enzi zile wanasema hakuna garasa la bei mbaya kama lile katika usajili wote wa kocha wetu wa zamani, Ferguson. Mimi nimeangalia mechi zake za Lazio na naona fundi kabisa. Nani yuko sahihi? Na mbona alihama timu nyingi vile, ilikuwa tabia yake au kuna sababu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Verón hakuwa garasa. Hata hivyo wakubwa zako hawakuota: walichokiona Old Trafford, uwanja wa United, kati ya 2001 na 2003 kilikuwepo. Walimwona mchezaji wa pauni milioni 28.1, rekodi ya usajili Uingereza wakati ule, akipoteza mipira katikati ya uwanja na kuonekana mgeni ndani ya timu aliyoletwa kuiongoza. Ila walimwona mahali ambapo kazi anayoijua yeye ilikuwa tayari inafanywa na watu wengine, tena watu ambao hakuna kocha angethubutu kuwanyang'anya. Kwingine kote alikopewa kazi yake, alishinda.

Kwa hiyo kwanza tuelewane kazi yake ilikuwa ipi, maana hapo ndipo ubishi mwingi wa vijiweni unapopotea. Watu humwita namba 10 kwa sababu ni Muargentina na ana pasi. Hakuwa namba 10 wa kukaa nyuma ya mshambuliaji akisubiri kulishwa. Wala hakuwa mkata umeme, yaani kiungo wa kuwapokonya wapinzani mpira, ingawa alikuwa mrefu na mwenye nguvu. Yeye alikuwa mtu wa mpira wa kwanza. Anashuka karibu na mabeki wake, anaupokea, anainua kichwa, kisha anaupeleka mita 40 upande wa pili kwa mguu wa kulia, mara nyingi kwa upande wa nje wa kiatu, na unamfikia winga bila kumlazimisha kupunguza mwendo. Zaidi ya hapo alikuwa mpigaji wa mipira iliyotengwa: kona, faulo, penalti. Hiyo mipira iliyotengwa iweke akilini, nitairudia.

Mchezaji wa aina hii hawezi kuishi peke yake. Pasi ya mita 40 ni ya hatari. Katika kila kumi, mbili au tatu zitakatwa. Lazima awepo mtu jirani yake wa kuzima moto pale pasi inapokatwa, na lazima timu nzima ikubali kwamba mpira unapita kwake kwanza. Ukimpa hayo mawili, anakupa ubingwa. Ukimnyima, unabaki na kiungo mwenye kasi ya kawaida anayetoa pasi za kamari.

Sasa tuanze nyumbani kwao. Verón amezaliwa La Plata tarehe 9 Machi 1975, na kwa jina lake hakuwa na mahali pa kujificha. Baba yake, Juan Ramón Verón, ndiye aliyekuwa nyota wa Estudiantes de La Plata iliyotwaa Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini, mara tatu mfululizo, 1968, 1969 na 1970. Mashabiki walimwita baba La Bruja, yaani Mchawi. Mtoto akaitwa La Brujita, Mchawi Mdogo. Na wewe kama shabiki wa United hili unapaswa kulijua: mwaka 1968 Estudiantes walicheza na Manchester United kuwania Kombe la Mabara, bingwa wa Amerika Kusini dhidi ya bingwa wa Ulaya. Walishinda 1-0 Buenos Aires, na katika marudiano Old Trafford baba yake Verón alifunga kwa kichwa dakika za mwanzo kabisa. Mechi ikaisha 1-1, kombe likaenda La Plata. Miaka 33 baadaye mtoto wake akaingia uwanja uleule akiwa amevaa jezi nyekundu.

Mtoto alianza Estudiantes akakutana na mabaya kwanza: timu ilishuka daraja 1994, ikapanda tena 1995 yeye akiwa kikosini. Mwaka 1996 akapita Boca Juniors kwa miezi michache, akacheza pamoja na Diego Maradona aliyekuwa anaelekea mwisho wa safari yake. Kocha wa Boca alikuwa Carlos Bilardo, aliyecheza timu moja na baba yake Verón ile 1968. Nakutajia hili mapema kwa sababu litajirudia katika maisha yake yote: karibu kila alikofanikiwa alikuwa na mtu anayemjua tangu zamani.

Katikati ya 1996 Sampdoria ya Italia wakamchukua, na hapo ndipo alipokutana na kocha Sven-Göran Eriksson. Sampdoria ile ilikuwa na Roberto Mancini, Vincenzo Montella na Siniša Mihajlović. Shika jina la Eriksson na la Mancini.

Umeuliza kwa nini alihama sana. Kwa Italia sababu kubwa ilikuwa pesa, na wala si tamaa yake. Ligi ya Italia miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote duniani, na klabu kadhaa ziliendeshwa kwa fedha za kampuni za chakula. Parma, aliyoingia 1998, ilikuwa chini ya familia ya Tanzi wenye Parmalat, kampuni ya maziwa. Lazio, aliyoingia 1999, ilikuwa ya Sergio Cragnotti mwenye Cirio, kampuni ya nyanya za kopo. Wenye pesa hizi walinunua wachezaji kwa fujo, na walipobanwa waliuza kwa fujo vilevile. Cirio ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 2002, Parmalat ikaanguka mwishoni mwa 2003. Ukiangalia majira ya joto ya 2001, Lazio haikumuuza Verón peke yake. Pavel Nedvěd na Marcelo Salas nao waliondoka wote wawili kwenda Juventus. Mchezaji akiitwa mhamaji ni vizuri kutazama kwanza kama nyumba aliyokuwa anaishi ilikuwa inasimama.

Parma alikaa msimu mmoja tu, na msimu huo mmoja uliwatosha watu wengine maisha. Golini Gianluigi Buffon, nyuma Lilian Thuram na Fabio Cannavaro, mbele Hernán Crespo na Enrico Chiesa, kocha Alberto Malesani. Walibeba Kombe la Italia na Kombe la UEFA 1999, fainali wakiifunga Marseille 3-0 jijini Moscow. Katikati ya uwanja Verón alikuwa na Dino Baggio wa kumfanyia kazi chafu.

Halafu Lazio. Hapa naomba unisikilize kwa utulivu, maana hii ndiyo timu uliyoitazama wewe, na bila kuielewa huwezi kuelewa kilichotokea Manchester. Eriksson alikuwa amehamia Lazio, klabu ya jiji la Roma, tangu 1997 na Mancini akamfuata. Mihajlović akaja mwaka uliofuata. Kwa hiyo Verón alipofika 1999 alikuta nusu ya Sampdoria yake inamsubiri. Pembeni yake Eriksson aliweka Matías Almeyda au Diego Simeone, Waargentina wawili ambao kazi yao ilikuwa kuuma miguu ya watu na kumpa mpira Verón. Kushoto Nedvěd anakimbia, kulia Sérgio Conceição anakimbia, yeye kichwa juu anachagua. Agosti 1999 wakacheza na Manchester United jijini Monaco, UEFA Super Cup, United wakiwa mabingwa wa Ulaya waliotoka kubeba makombe matatu. Lazio wakashinda 1-0, bao la Salas. Ferguson alikuwa kwenye benchi lake anatazama.

Katika ligi, mwezi Machi 2000 Lazio walikuwa pointi 9 nyuma ya Juventus zikiwa zimebaki mechi 8. Watu wote waliona imekwisha. Kisha ikaja debi ya Roma. Montella, sasa yuko AS Roma, akafunga la kwanza, Nedvěd akasawazisha, Verón akapiga faulo ikazama wavuni, 2-1. Wiki iliyofuata wakaenda Turin kwa Juventus wenyewe, krosi ya Verón, kichwa cha Simeone, 1-0. Siku ya mwisho, tarehe 14 Mei, Lazio wakaifunga Reggina 3-0, Verón akiwa mmoja wa wafungaji kwa penalti, wakati huo Juventus wako Perugia wanasubiri maji yapungue uwanjani. Mvua ilisimamisha mchezo kwa zaidi ya saa moja. Mechi iliporudi, Alessandro Calori akaifungia Perugia, ikabaki hivyo, Lazio wakawa mabingwa kwa pointi 1. Siku chache baadaye wakaongeza na Kombe la Italia.

Hesabu basi: faulo kwenye debi, krosi Turin, penalti siku ya ubingwa.

Sasa Manchester. Ferguson hakumnunua kwa upofu, na hapa nawapinga wanaosema alivutiwa na jina tu. Baada ya kubeba Ligi ya Mabingwa 1999, United walitolewa robo fainali na Real Madrid mwaka 2000 na Bayern Munich 2001. Nyumbani walikuwa wanatawala, lakini Ulaya walikuwa wananyang'anywa mpira. Ferguson alitaka kiungo wa kuutunza mpira dhidi ya timu za namna hiyo. Julai 2001 akamleta Verón, na kiangazi hichohicho akamnunua Ruud van Nistelrooy kwa pauni milioni 19. Wazo lilikuwa kuachana na washambuliaji wawili, Van Nistelrooy abaki peke yake mbele, Paul Scholes asogezwe nyuma yake, na Verón na Roy Keane wakae katikati.

Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani, jiulize mpira wa kwanza kutoka kwa mabeki anaupokea nani. Keane. Nahodha, mtu aliyezoea kwa miaka kushuka, kuuchukua na kuupanga mchezo. Pasi ndefu ya kubadilisha upande anaipiga nani? Beckham kutoka kulia na Scholes kutoka katikati, wote wawili miongoni mwa bora duniani kwa pasi hiyohiyo. Kona na faulo? Beckham na Giggs. Watu wetu husema mafahali wawili hawakai zizi moja, ila hapa hapakuwa na ugomvi wa mafahali. Keane na Verón hawakugombana. Kazi ndizo zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Akabaki anasukumwa: leo kushoto, kesho mbele kidogo, keshokutwa katikati akitakiwa kukimbia kutoka boksi hadi boksi kama kiungo wa Kiingereza. Naye Scholes, aliyekuwa anafunga kwa kuchelewa kuingia kwenye boksi akitokea nyuma, akawekwa mahali ambapo anasimama na mgongo kwenye goli. Kumpa nafasi mmoja kukamharibu wa pili.

Lakini usikubali kusikia kwamba hakufanya kitu. Mwanzoni alikuwa moto. Septemba 2001 alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa Ligi Kuu ya England. Tarehe 29 mwezi huo United walikuwa nyuma 3-0 mapumziko nyumbani kwa Tottenham, wakarudi wakashinda 5-3. Bao la nne, lililowaweka mbele kwa mara ya kwanza, alilifunga Verón. Kisha baridi ikaingia, timu nzima ikayumba. Jaap Stam alikuwa ameuzwa Agosti, tena kwa Lazio hiyohiyo, na ulinzi ukawa unavuja. United walimaliza nafasi ya 3, na Arsenal wakatangaza ubingwa wao palepale Old Trafford. Mtu wa kulaumiwa akatafutwa, na bei yake ikamfanya aonekane kwa urahisi. Mei 2002 Ferguson aliwafokea waandishi wa habari kwa matusi mazito akimtetea, kwamba ni mchezaji mkubwa na wao hawajui kitu.

Msimu wa pili una ushahidi ambao wakubwa zako huwa wanausahau. Ligi Kuu alicheza mechi 25 akafunga mabao 2, na medali ya ubingwa wa 2003 aliivaa. Ligi ya Mabingwa, kwa mechi chache zaidi, alifunga mabao 4, yote katika hatua ya makundi: Maccabi Haifa, Olympiacos nyumbani na ugenini, na Bayer Leverkusen. Yaani kule Ulaya, ambako mchezo una pumziko kati ya pasi na pasi na kiungo anapata sekunde mbili za kutazama, Verón alirudi kuwa Verón. Ferguson alimleta kwa ajili ya Ulaya, na Ulaya alicheza. Bahati mbaya msimu una mechi 38 za ligi, na mechi hizo ndizo watu wanazokumbuka.

Aprili 2003 ndipo palipofungwa ukurasa, ingawa hakuna aliyejua siku ile. Marudiano ya robo fainali na Real Madrid, United wamefungwa 3-1 kule. Ferguson akampanga Verón, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye majeraha, na akamwacha David Beckham benchi. Ronaldo yule Mbrazili akafunga matatu hadi Old Trafford nzima ikasimama kumpigia makofi. Dakika ya 63 Verón akatoka, akaingia Beckham, na Beckham akafunga mawili. United wakashinda 4-3 wakatolewa. Kabla msimu mpya haujaanza wote wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja Madrid, mwingine Chelsea. Jumla yake United: mechi 82, mabao 11.

Sehemu ya lawama ni yake pia, siwezi kumwosha kabisa. Pasi iliyokatwa Roma ilikuwa inamkuta Almeyda njiani. Pasi iliyokatwa England ilikuwa inageuka shambulizi la kushtukiza, na Verón aliendelea kuipiga ileile. Mchezaji wa miaka 26 mwenye akili kama yake angeweza kupunguza. Keane alijifunza kupiga fupi pale palipohitaji fupi. Verón hakupenda kucheza hivyo, na nadhani hakuwahi kukubali moyoni kwamba ni lazima.

Katikati ya misimu hiyo miwili kuna Kombe la Dunia 2002, jeraha lake kubwa kuliko Manchester. Argentina ya kocha Marcelo Bielsa ilikwenda Japan na Korea Kusini baada ya kuongoza mchujo wa Amerika Kusini, na nyumbani nchi ilikuwa imeporomoka kiuchumi, watu wamezuiwa akiba zao benki tangu Desemba 2001. Mpira ndio ulikuwa faraja iliyobaki. Roberto Ayala aliumia wakati wa kupasha misuli kabla ya mechi ya Nigeria, kitambaa cha unahodha kikaenda kwa Verón. Alipiga kona, Gabriel Batistuta akaunganisha kwa kichwa, 1-0. Mechi iliyofuata ilikuwa Sapporo dhidi ya England: mbele yake Beckham, Scholes na Nicky Butt aliokuwa anakula nao Manchester, na kwenye benchi la England kocha ni Eriksson, yuleyule aliyempokea Ulaya. Beckham akafunga kwa penalti, Verón akatolewa mapumziko nafasi yake akachukua Pablo Aimar. Sare ya 1-1 na Sweden, akitokea benchi, ikawarudisha nyumbani hatua ya makundi. Waargentina wengi walimgeuka. Walisema ameichezea England kwa sababu ndiko anakolipwa. Alizomewa kwa miaka, na Kombe la Dunia 2006 kocha José Pekerman hakumwita. Binafsi naona dhuluma: alikwenda mashindanoni akiwa na mwili uliochoka na maumivu ya kano ya kisigino, na timu nzima ilikuwa imekauka pamoja naye.

Chelsea ni habari fupi. Pesa za Roman Abramovich, takriban pauni milioni 15, bao moja Anfield, nyumbani kwa Liverpool, katika mechi ya kwanza ya msimu, kisha mgongo ukamtesa. Mechi za ligi 7 tu. Usiku wa Monaco, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2004, kocha Claudio Ranieri alimwingiza mapumziko timu ikiwa 1-1. Monaco wakabaki 10 na bado wakashinda 3-1. Kama wenzako wangesema garasa la Chelsea, ningenyamaza.

Baada ya hapo aliokolewa na mtu wa zamani. Mancini alipewa Inter mwaka 2004, akamwomba kwa mkopo. Katikati yupo Esteban Cambiasso wa kukata umeme, yupo Javier Zanetti, yupo Dejan Stanković aliyekuwa naye Lazio. Misimu miwili, Kombe la Italia mara mbili, na ubingwa wa ligi wa 2006 waliokabidhiwa Inter baada ya kashfa ya upangaji matokeo kumvua Juventus. Mchezaji yuleyule, umri umesogea, kasi imepungua, lakini kazi amerudishiwa.

Julai 2006, akiwa na miaka 31 na mikataba ya Ulaya ikiwezekana, akarudi Estudiantes. Wengi walidhani anakwenda kupumzika hadi atundike daluga. Kocha aliyemkuta ni Diego Simeone, mkata umeme wake wa Lazio, ndiyo kwanza anaanza ukocha. Simeone alijua kuliko mtu yeyote duniani Verón anahitaji nini, kwa sababu alikuwa amekifanya mwenyewe kwa miguu yake. Pembeni yake akasimama Rodrigo Braña, mtu wa mapafu mawili na nidhamu. Oktoba wakaifunga Gimnasia, mahasimu wao wa mji mmoja, mabao 7-0. Boca walihitaji pointi 1 tu katika mechi mbili za mwisho wawe mabingwa, wakapoteza zote mbili; timu zikalingana, ikachezwa mechi ya kuamua tarehe 13 Desemba, na Estudiantes wakashinda 2-1. Ulikuwa ubingwa wao wa kwanza wa ligi baada ya miaka 23.

Ila kilele kiko 2009. Kocha sasa ni Alejandro Sabella, fainali ya Copa Libertadores dhidi ya Cruzeiro ya Brazil. Mechi ya kwanza La Plata, 0-0. Marudiano Belo Horizonte, uwanja wa Mineirão umefurika, Henrique akawatanguliza Cruzeiro mapema kipindi cha pili. Timu nyingi za ugenini hufa hapo. Verón, miaka 34, akaanza kuudai kila mpira, akishuka, akituliza, akipanga. Gastón Fernández akasawazisha. Dakika ya 72 kona, anapiga Verón, Mauro Boselli anaruka, 2-1. Baba alibeba kombe hilo mara tatu, mtoto akalileta la nne, na tangu 1970 hapakuwa na Estudiantes mwingine aliyeligusa. Alichaguliwa mchezaji bora wa Amerika Kusini 2008 na tena 2009. Desemba ya mwaka huo, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mjini Abu Dhabi, walimshikilia Barcelona wa Pep Guardiola wakiongoza 1-0 hadi dakika ya 89. Pedro akasawazisha, Lionel Messi akamaliza kwa kifua katika muda wa nyongeza. Barcelona ile ilikuwa imeshabeba kila kitu mwaka huo, na ilitoka jasho mbele ya timu ya La Plata inayoongozwa na mtu mliyemwita garasa.

Maradona, sasa kocha wa Argentina, akampeleka Kombe la Dunia la Afrika Kusini 2010, akalala chumba kimoja na Messi. Mechi ya kwanza Johannesburg, tena Nigeria: kona ya Verón, kichwa cha Gabriel Heinze, 1-0. Miaka 8 baada ya ile ya Batistuta, mpinzani yuleyule, matokeo yaleyale, mguu uleule. Ndiyo maana nilikuambia uishike habari ya mipira iliyotengwa. Nigeria mara mbili, Cruzeiro, debi ya Roma. Na Manchester walikompa pesa nyingi kuliko wote, kona hazikuwa zake.

Umalizio wa safari yake hausomeki kama wa mhamaji. Alibeba ligi tena na Sabella mwaka 2010, akaacha, akacheza kidogo timu ya ridhaa, akarudi, akaacha tena 2014, na mwaka huohuo wanachama wakamchagua kuwa rais wa klabu. Mwaka 2017, rais akiwa bado rais, alicheza Libertadores akiwa na miaka 42, kwa sababu aliwaahidi mashabiki kwamba wakinunua asilimia 65 ya viti vya bei ya juu vya uwanja mpya atavaa jezi. Walinunua. Uwanja ulifunguliwa Novemba 2019. Ukiziweka klabu zake zote mezani, Boca, Sampdoria, Parma, Lazio, United, Chelsea, Inter, utaona alitoka nyumba moja na akarudi nyumba ileile, na huko katikati nyumba nyingine mbili zilikuwa zinauza vitu vya ndani.

Ukirudi kijiweni usibishane nao kwa maneno. Tafuteni mechi mbili, ile ya Real Madrid ya Aprili 2003 na ile ya Mineirão ya Julai 2009. Mwambie kila mmoja asimtazame Verón mwenyewe kwa dakika 10 za kwanza. Amtazame mtu aliye karibu naye zaidi na ahesabu ni mara ngapi mabeki wanampa mpira Verón kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha ndiyo mjadili bei.